Maji Mkandani: Uhakiki wa Istilahi za Vyombo vya Askari vya Kubebea Maji ya Kunywa

1. Utangulizi

Askari wa wanyamapori aondokaye kambini alfajiri kwenda doria hubeba vitu vingi, na katika hivyo hakuna ambacho upungufu wake hudhihirika upesi kama maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na hapana ufundi wowote uwezao kuupunguza uzito huo. Kwa sababu hiyo swali la majeshi yote limekuwa ni lile lile tangu zamani: maji ya kunywa yabebwe katika chombo gani, na chombo hicho kikae mahali gani pa mwili? Makala haya hayakusudii kumfundisha askari kazi yake. Yanakusudia kuchunguza jinsi tunavyomweleza kazi hiyo kwa Kiswahili, na kuonyesha kwamba katika jambo hili lionekanalo kuwa dogo, wafasiri pamoja na sisi tushughulikiao istilahi tumefanya makosa ambayo gharama yake hatuilipi sisi, bali huilipa mtu aliye porini.

Kilichonisukuma kuandika ni rasimu ya mwongozo mmoja uliofasiriwa kutoka Kiingereza cha Marekani, ambao uliletwa mezani kwangu ili istilahi zake zikaguliwe. Sura yake moja inahusu kuchagua namna ya kubeba maji katika mkanda wa zana. Sitaitaja idara iliyouleta wala mfasiri wake. Makosa ya rasimu hiyo ni makosa ya kawaida katika tafsiri zetu, na moja kati yake, kama msomaji atakavyoona, lilianzia katika kalamu yangu mwenyewe.

Haki inatutaka tuanze na sifa. Mfasiri huyu anakijua Kiswahili. Sentensi zake ni fupi, vitenzi vyake vina nguvu, na hana ugonjwa wa kufuata mpangilio wa maneno ya Kiingereza. Anaposema, "Jaza chupa hadi shingoni, kwani chupa iliyopungua huongea njiani," amesema kwa maneno machache jambo ambalo wengi wetu tungeliandikia aya nzima: kwamba chombo kigumu kilichojaa nusu husukasuka na kutoa sauti, na sauti hiyo humfichua askari kwa jangili. Kasoro zake hazimo katika sarufi, bali katika majina ya vitu.

2. Mkanda na Jeshi

Kosa la kwanza limo katika kichwa cha sura yenyewe: "Jinsi ya Kuchagua Mkanda wa Jeshi." Na chini yake kuna kifungu kisemacho "Kutibu Maumivu ya Mkanda wa Jeshi."

Msomaji yeyote wa Tanzania aliyewahi kuketi katika zahanati anajua kwamba "mkanda wa jeshi" ni jina la ugonjwa. Ni vipele vyenye maumivu makali vinavyojipanga mithili ya ukanda katika upande mmoja wa kiwiliwili. Mwongozo ulikuwa unazungumzia michubuko ya ngozi itokanayo na mkanda uliobeba uzito mwingi. Askari mwenye ugonjwa wenyewe, akisoma kifungu hicho, ataambiwa alegeze bizimu, apake mafuta na aendelee na doria, ilhali anastahili kwenda kumwona mganga. Mfasiri hakukosea kamusi. Mkanda ni mkanda, na jeshi ni jeshi. Alilolisahau ni kwamba maneno mawili yaliyokwisha kuoana hayawezi kutenganishwa kwa amri ya mfasiri.

Wapo waliopendekeza "mkanda wa mbinu". Hoja yao ni kwamba mbinu ndilo neno letu la mambo ya kimapigano, na ni kweli kwamba "mbinu za medani" ni usemi uliokwisha kukaa. Hata hivyo, neno mbinu likisimama peke yake humletea msikilizaji wa kawaida fikra ya hila na ujanja. Mkanda wa mbinu utadhaniwa kuwa mkanda wenye siri ndani yake. Aidha, jina hilo halielezi kazi ya kitu. Mkanda huu hautofautiani na mingine kwa kuwa una mbinu. Unatofautiana kwa kuwa umetengenezwa kwa utepe mpana na mgumu, haukunjiki, nao hubeba zana: bastola, pingu, tochi, kisu na chupa ya maji.

Kiswahili hakikuwa fukara katika mambo ya kiunoni. Tuna mshipi, tuna mahazamu, tuna masombo. Lakini mahazamu na masombo ni vitambaa vya kujifunga, na mshipi kwa watu wengi wa pwani leo ni uzi wa kuvulia samaki kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Kwa hiyo napendekeza tuseme "mkanda wa zana". Neno zana limezoeleka jeshini na nje ya jeshi, linaeleza kazi, na halina ugonjwa wowote nyuma yake.

3. Kantini

Katika ukurasa wa pili wa sura hiyo tunasoma: "Kila askari ahakikishe kantini yake imejaa kabla ya kuondoka."

Neno la Kiingereza lililozaa kantini lina historia ndefu. Asili yake ni neno la Kiitalia lenye maana ya ghala la chini ya nyumba, hasa la mvinyo. Likapita katika Kifaransa, likaingia katika Kiingereza likiwa na maana mbili: duka au mahali pa kulia chakula askari na wafanyakazi, na chupa ya maji ya askari. Kiswahili kiliazima maana ya kwanza peke yake. Kantini kwetu ni mahali: kuna kantini ya kambi, kantini ya chuo, kantini ya kiwanda. Kantini ikijaa, imejaa watu. Askari akiambiwa ahakikishe kantini imejaa, hatajua amekosa nini.

Nisieleweke kwamba nachukia maneno ya kuazima. Lugha ya askari wa Afrika Mashariki imejengwa kwa mikopo, na haikuwa dhaifu kwa sababu hiyo. Afande lilitoka Kituruki. Koplo na sajini yalitoka Kiingereza. Na hata jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, yaani vita vya watu waliobeba mizigo, maji yakiwa miongoni mwayo, kwa vichwa na mabega. Maneno hayo yote yalikuta nafasi tupu yakakaa. Kantini haikukuta nafasi tupu. Imefika ikakuta nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana jina lile lile.

Basi chombo chenyewe tukiiteje? Tukumbuke kwanza ni kitu gani. Katika mwaka 1910 Jeshi la Marekani lilipokea chupa ya alumini iliyopindwa kidogo mfano wa figo ili ilalie nyonga vizuri, yenye ujazo wa kwati moja, yaani chini kidogo ya lita moja. Chini yake kilichomekwa kikombe ambacho chupa huingia ndani yake, na vyote viwili hukaa ndani ya kifuko cha kitambaa kinachoning'inizwa mkandani. Katika miaka ya 1960 alumini ilianza kuachwa, plastiki ikachukua mahali pake, lakini umbo halikubadilika sana. Waingereza nao walikuwa na chupa zao, kwanza za bati lililopakwa rangi ya kung'aa na kuvikwa sufi nzito, kisha za plastiki.

"Chupa ya maji" ni jina la wazi, lakini siku hizi lina mwenyewe: ndiyo chupa nyepesi ya dukani ambayo hunywewa na kutupwa. Askari mwenye orodha iliyoandikwa "chupa za maji 2" atakwenda dukani na kununua chupa mbili. Chupa hizo, zikibanwa kati ya mkanda na mwamba, hupasuka.

"Kibuyu" kina watetezi wengi, nami nakiheshimu. Ni neno letu, tena lina uhai. Maofisa wa afya walipotafuta jina la chombo cha kunawia mikono kinachoinamishwa kwa kamba na kanyagio, walikiita "kibuyu chirizi", ingawa mara nyingi ni dumu la plastiki, na watu wakalipokea jina hilo bila kinyongo. Tofauti ni kwamba pale kibuyu kilipewa sifa ya kukieleza kazi, na kilitumika kwa wanavijiji walioweza kukiona mbele ya macho yao. Katika orodha ya ghala, "kibuyu" peke yake kitamletea mtunza ghala picha ya ganda la mmung'unye au ya mkoba wa mganga.

Pendekezo langu ni "chupa ya mkandani". Jina hili ni refu kidogo kuliko kantini, lakini linataja kitu na mahali pake, na kiambishi cha mahali mwishoni mwa mkanda kinaitenga na chupa ya dukani. Kifuko chake nakiita "ala ya chupa". Ala ni neno letu la zamani la kifuko cha kisu na upanga, ambacho kazi yake ni kushika kitu kiunoni ili mkono ukichomoe na kukirudisha bila kuangalia. Kazi ya kifuko cha chupa ndiyo hiyo hiyo.

4. Kiriba: Kosa Langu

Nafika mahali ambapo mhakiki anapaswa kujihakiki.

Pamoja na chupa ngumu kuna chombo cha pili: mfuko laini wa plastiki au mpira wenye mrija mrefu na vali ya kung'ata, ambao hubebwa mgongoni, au, ukiwa mdogo, huzungushwa mkandani. Chombo hiki kilienea baada ya mwaka 1989, pale mwendesha baiskeli mmoja wa Texas alipotia maji katika mfuko wa dripu, akauvika soksi, akaubeba mgongoni katika mashindano ya joto kali. Kampuni ya CamelBak ilianzia hapo. Majeshi yaliupenda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba askari hunywa bila kusimama na bila kuondoa mikono katika silaha. Ya pili ni kwamba mfuko husinyaa kadiri maji yanavyopungua, hata hewa isibaki ndani, hivyo maji hayasukisuki wala hayatoi sauti.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa mgeni katika kazi hii na Chuo Kikuu kingali kichwani mwangu, niliulizwa na ofisi moja chombo hicho kiitweje. Nilifuata utaratibu tuliofundishwa: tafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Sikuhitaji kwenda mbali. Nilifungua kamusi, nikakuta kiriba, mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Neno la Kiswahili, la zamani, lenye maana ile ile hasa! Niliandika "kiriba" kwa furaha, nikatia sahihi.

Baadaye ofisi hiyo iliagiza viriba 40 kwa ajili ya askari wake. Mtunza ghala, ambaye alikuwa mtu makini, alitoa viriba 40 siku ile ile. Vilikuwa vifuko vyeusi vya nailoni vya kuoteshea miche, vyenye matundu chini. Kwa kila bwana miti na kila mkulima wa kahawa katika nchi hii, kiriba ndicho hicho. Msimamizi wa askari alinipigia simu akaniuliza kwa upole ulionichoma kuliko matusi: "Ndugu yangu, maji yatakaa vipi humu?" Mtunza ghala hakuwa na kosa, kwani alilijua Kiswahili cha leo kuliko mimi. Doria ile iliahirishwa, na wiki hiyo eneo lake halikuwa na mlinzi.

Nimelitafakari tukio hilo mara nyingi, na hitimisho langu ni kwamba utaratibu wetu wa kutafuta istilahi una pengo. Unauliza neno limetoka wapi, hauulizi neno linafanya kazi gani sasa. Unatufanya tuamini kwamba neno la kale lililomo kamusini liko huru, linangoja kuajiriwa. Kumbe maneno ya kale hayangoji. Watu huyachukua wakayapa kazi mpya bila kutuarifu, nasi hatuna desturi ya kwenda ghalani, bustanini na sokoni kuuliza kabla ya kutia sahihi. Asili ya neno ni jambo la pili. Jambo la kwanza ni makazi yake ya sasa.

Mfasiri wa rasimu tunayoihakiki alikuwa amesikia habari ya viriba, akalikimbia neno hilo, akaangukia baya zaidi: "kibofu cha maji". Katika Kiingereza neno la kibofu limepanuka hata likahusu mfuko wowote wa mpira ulio ndani ya kitu, kama ule wa ndani ya mpira wa miguu. Katika Kiswahili, kibofu kinapotajwa pamoja na kunywa, akili ya msomaji huenda mahali ambapo hakuna askari atakayetaka kung'ata mrija wake. Sentensi "Osha kibofu kila baada ya safari" haihitaji maelezo yangu.

Hapa sarufi yetu yenyewe ina msaada. Kauli ya kutendea hutuwezesha kutaja chombo kwa kazi yake: kisu cha kukatia, sufuria ya kupikia, beseni la kunawia. Kwa njia hiyo mfuko huu ni "mfuko wa kunywea". Haichanganyiki na mfuko wa maji wa dukani, kwa sababu ule ni mfuko wenye maji, na huu ni mfuko ambao watu huunywea. Mrija tunao tayari. Vali imekwisha kuzoeleka kwa mafundi, na "vali ya kung'ata" inaeleweka mara moja.

5. Chupa Mbili za Chuma

Kosa la nne ndilo la hatari zaidi, nalo limefichika, kwa maana hakuna neno lolote ndani yake lililo baya. Rasimu inasema: "Chupa ya chuma ina faida kwamba yaweza kuwekwa motoni ili kuchemsha maji." Ukurasa unaofuata unasema: "Chupa ya chuma hutunza ubaridi wa maji kutwa nzima."

Kila sentensi ni kweli peke yake, lakini zinahusu vyombo viwili tofauti. Chupa ya kwanza ina ukuta mmoja wa chuma. Moto huuchoma ukuta na ukuta huyapasha maji. Chupa ya pili ina kuta mbili, na katikati yake hewa imeondolewa na nafasi ikafungwa kabisa. Ndiyo jamaa ya ile tunayoiita chupa ya chai. Chupa hii ikiwekwa juu ya makaa, joto haliyafikii maji upesi, na nafasi iliyozibwa kati ya kuta yaweza kupasuka kwa kishindo. Asili ya Kiingereza ilizitofautisha kwa maneno mawili. Mfasiri, kwa kutaka wepesi, aliziita zote kwa jina moja, na hivyo akamfundisha askari kuweka motoni chombo kisichopaswa kuwekwa.

Dawa yake haihitaji uvumbuzi: "chupa ya ukuta mmoja" na "chupa ya kuta mbili". Na sentensi ya onyo iandikwe kamili, isiachwe ikisiwe: "Usiweke motoni chupa ya kuta mbili, na usiweke motoni chupa yoyote ambayo kifuniko chake kimefungwa." Kadhalika, yule aliye na chupa ya plastiki aambiwe kwamba kinachokwenda motoni ni "kikombe cha kuchemshia" cha chuma, si chupa.

Hapo hapo kuna kosa dada yake. Rasimu inasema maji ya mtoni "yapashwe moto dakika moja". Kupasha ni kuondoa ubaridi. Kinachoua vijidudu ni kuyafanya maji yatokote, kisha kuyaacha yakitokota dakika 1. Na mahali palipo juu ya mita 2,000, kama vile ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, dakika 3, kwa kuwa huko maji huchemka kabla ya kufikia joto la nyuzi 100. Kati ya "pasha" na "tokosa" kuna kuhara, na kuhara porini ni kupoteza yale maji yaliyobebwa kwa taabu.

6. Vipimo

Kwati ni kipimo ambacho wasomaji wetu hawakitumii. Mfasiri alijua hivyo, akakifafanua kuwa "robo galoni". Kihesabu amesibu. Lakini robo ya galoni ipi? Galoni ya Marekani ni lita 3.785 na ya Uingereza ni lita 4.546. Zaidi ya hayo, galoni kwa watu wetu wengi si kipimo tena bali ni jina la chombo cha plastiki, cha lita 5 hata 20. Robo yake inategemea ukubwa wa galoni lililoko nyumbani kwa msomaji.

Hatari inafikia kilele pale mwongozo unapotaja kiasi cha kunywa. Mafunzo ya Jeshi la Marekani huelekeza kwamba, hata katika joto kali, askari asinywe zaidi ya kwati 1.5 kwa saa, yaani kama lita 1.4, wala zaidi ya kwati 12 kwa siku, yaani kama lita 11.4. Kikomo hicho kimewekwa kwa sababu maji yakizidi mno huzimua chumvi iliyomo katika damu, na mtu aweza kufa kwa kunywa kama awezavyo kufa kwa kiu. Rasimu yetu inasema: "Asizidishe robo galoni na nusu kwa saa." Msomaji wa Kiswahili ataongeza robo juu ya nusu apate robo tatu, nazo ni lita 2.8, mara mbili ya kikomo. Kosa hili halitokani na ujinga wa mfasiri. Linatokana na kufasiri kipimo kana kwamba ni neno. Kipimo hakifasiriwi, kinageuzwa. Na kikishageuzwa kuwa lita, cha kale kiachwe kabisa.

7. Kiuno na Nyonga

Mwongozo unatoa mashauri mema kuhusu mahali pa kuweka chupa. Chupa isiwe katikati ya mgongo, kwa maana askari akianguka chali au akiketi garini itagandamiza uti wake. Isiwe mbele, kwa maana itamzuia kutambaa na kuinama. Isiwe upande wa mkono wa bastola. Ikae nyuma kidogo ya nyonga, upande wa pili. Na zikiwa mbili, zigawanywe huku na huku ili uzito ulingane. Uzito ukizidi, mkanda usaidiwe na mikanda ya mabegani, ama maji mengi yahamishiwe katika mfuko wa mgongoni na mkandani ibaki chupa moja ya akiba. Ushauri huu wa mwisho una hekima, kwa sababu mfuko wa kunywea ukitobolewa na mwiba humwaga vyote, na anywaye kwa mrija haoni kilichobaki mpaka mrija unapovuta hewa.

Lakini katika sehemu hii yote mfasiri ametumia neno "kiuno" pekee, mahali ambapo asili imetenganisha kiuno na nyonga. Mkanda wa zana haupaswi kubana kiuno, palipo laini. Unapaswa kuegemea mifupa ya nyonga, iliyoumbwa kubeba. Lugha yetu inayo maneno yote mawili, wala hapakuwa na haja ya kuyafanya kuwa moja. Ufukara mwingine katika tafsiri zetu si wa lugha, ni wa haraka.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari, nayaweka mbele ya wasomaji majina yafuatayo ili yajadiliwe:

Mkanda wa zana: mkanda mpana na mgumu wa kubebea vifaa vya askari.
Chupa ya mkandani: chupa ngumu ya kudumu, ya plastiki au chuma, inayobebwa katika mkanda huo.
Ala ya chupa: kifuko kinachoishika chupa mkandani.
Chupa ya ukuta mmoja: chupa ya chuma iwezayo kuwekwa motoni ikiwa wazi.
Chupa ya kuta mbili: chupa ya kutunzia baridi au joto, isiyowekwa motoni kamwe.
Kikombe cha kuchemshia: kikombe cha chuma kinachochomekwa chini ya chupa.
Mfuko wa kunywea: mfuko laini wa maji wenye mrija.
Vali ya kung'ata: kizuizi cha maji mwishoni mwa mrija, kinachofunguka kwa meno.

Sidai kwamba haya ndiyo ya mwisho. Nimeyapima kwa maswali manne tu: Je, mtunza ghala akisoma atatoa kitu kinachotakiwa? Je, askari akisikia kwa sauti, usiku, ataelewa? Je, jina hilo lina mwenyewe mwingine? Je, likikosewa, ataumia nani? Swali la nne sikufundishwa darasani.

9. Hitimisho

Wenzetu wengine husema kwamba Baraza la lugha lina mambo makubwa ya kushughulikia, kama vile sheria, sayansi na elimu ya juu, na kwamba chupa ya askari inaweza kungoja. Mimi naona kinyume. Mwanasheria akikuta istilahi mbovu ana kamusi, ana maktaba, ana mwenzake wa kumwuliza. Askari aliye kilomita 20 kutoka kambini ana karatasi ile tuliyompa na maji yale aliyoyabeba. Yeye ndiye msomaji wetu asiye na mahali pa kukata rufaa.

Rasimu nimeirudisha kwa mfasiri pamoja na maelezo haya, nami nimeomba tuifanyie kazi pamoja, tena ghalani, vyombo vyenyewe vikiwa mezani mbele yetu na mtunza ghala akiwa mwenyekiti. Yule aliyetoa viriba 40 amekubali kuja.